Mnyama wa Kileleni Anayelishwa na Nyanda za Mbali

Agosti 1966, majira ya baridi yakiwa yamekolea kusini mwa dunia, watu waliokwenda kuteleza kwenye theluji katika Mlima Hotham, jimbo la Victoria nchini Australia, walimkuta mnyama mdogo ndani ya nyumba ya klabu ya Chuo Kikuu cha Melbourne. Alienea kiganjani: manyoya ya kijivu, macho makubwa ya mnyama wa usiku, na mkia mwembamba uliouzidi mwili kwa urefu. Wataalamu walipomkagua waligundua kwamba mnyama huyo vitabu vilikwisha kumhesabu miongoni mwa waliotoweka. Jina lake la kisayansi, Burramys parvus, lilitolewa miaka sabini kabla, kwa ushahidi wa mifupa mitupu.

Aliyelitoa ni Robert Broom, daktari Mskoti aliyekuwa akitibu wagonjwa vijijini New South Wales na kuchimba visukuku saa zake za mapumziko. Mwaka 1895, katika mabaki aliyoyatoa kwenye mapango ya Wombeyan, aliona vipande vya taya vyenye jino moja la ajabu: kubwa, lenye makali, na mifereji ya wima ubavuni. Broom huyu ndiye aliyehamia baadaye Afrika Kusini akapata umaarufu wake mkubwa kwa visukuku vya Kromdraai mwaka 1938 na Sterkfontein mwaka 1947. Hata yule Zinjanthropus wa Olduvai, aliyepatikana mwaka 1959, leo wataalamu wengi humweka katika jenasi ya Paranthropus ambayo Broom ndiye aliyeianzisha. Kwa hiyo mtu aliyesaidia kutueleza sisi tumetoka wapi ndiye pia aliyemtambulisha kwa dunia posamu mdogo wa milimani, bila kujua kwamba wazao wa mifupa ile walikuwa wangali hai, wamelala chini ya theluji kilomita mia chache kutoka pale alipokuwa akichimba.

Kisa cha Hotham kina kinaya ndani yake. Mnyama wa kwanza kushikwa akiwa hai alikuwa ndani ya nyumba ya watu, na hakuna aliyedhani kwamba nyumba ya wanaskii ndiyo makazi yake. Lakini desturi yetu watu wa ikolojia haiko mbali sana na dhana hiyo. Tunamnasa mnyama, tunatia alama kwenye ramani, tunachora mstari kuizunguka alama, kisha tunaliita eneo hilo makazi na kulitungia sheria. Kwa wanyama wengi njia hii haina madhara makubwa. Kwa posamu huyu inapotosha, kwa sababu mahitaji yake yametawanyika, na mojawapo linakulia umbali unaofika kilomita 1,000 kutoka mahali mtego ulipofunga mlango.

Afrika haina mnyama hata mmoja wa kiasili aliye hai mwenye mfuko wa kulelea watoto, hivyo wengi wetu tukisikia kundi hilo tunamfikiria kangaruu. Kundi ni pana kuliko hivyo. Jamii ya posamu wadogo peke yake ina spishi tano, na nne kati yake hupanda miti na vichaka, zikila wadudu na kunywa utamu wa maua. Huyu wa tano ameacha miti. Uzito wake wa kawaida ni gramu 45 hivi, mwili kichwa hadi kiuno kama sentimita 11, na maisha yake karibu yote hupita ardhini, katika giza la chini ya mawe. Ndiye mamalia pekee wa Australia anayeishi katika maeneo ya theluji ya milimani tu.

Maeneo hayo yenyewe ni haba. Kosciuszko, mlima mrefu kuliko yote katika ardhi kuu ya Australia, una mita 2,228. Msomaji wa Limuru anayesoma safu hii yuko karibu kimo hichohicho, na kwake kuna chai, si theluji. Milima ya Australia hupata theluji kwa kuwa iko mbali kusini, wala si kwa kimo chake. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Hali ya hewa ikizidi kuwa ya joto, mnyama wa Kilimanjaro ana maelfu ya mita za kupandia. Posamu wa Kosciuszko tayari yuko kileleni. Idadi yake yote, katika sehemu tatu zilizotengana, yaani Kosciuszko, nyanda za juu za Bogong na Hotham, na Mlima Buller, inakadiriwa kuwa posamu wazima 2,000 hivi, na mawe wanayoishi, ukiyakusanya pamoja, hujaza kilomita za mraba chache tu.

Mawe ndiyo ya kuanza nayo. Katika enzi za barafu, maji yaliyokuwa yakiingia nyufani na kuganda yaliupasua mwamba, vipande vikaporomoka na kujilundika mabondeni na kwenye miteremko: itale huko Kosciuszko, basalti huko Hotham. Ukitazama kwa mbali utaona uwanja wa majabali usiofaa kwa lolote. Ukiinama na kupenyeza kipimajoto kati ya jabali na jabali, mambo hubadilika. Mchana wa kiangazi, juu ya jiwe panaunguza, na mita moja chini pana ubaridi wa pangoni. Usiku wa baridi kali, juu panaganda, na chini halijoto hukaa karibu palepale. Anachokihitaji posamu ni ile nafasi tupu kati ya mawe, na ubora wake hutegemea kina cha rundo, ukubwa wa majabali na unyevu unaopita chini. Rundo la kina kifupi au lililojaa udongo halimfai, hata kama kwa macho yetu linafanana na jirani yake.

Juu ya marundo hayohayo hutambaa mti mmoja wa jamii ya podo, mfupi, wenye kukua polepole mno, na wenye mbegu zilizokaa kwenye kikonyo chekundu chenye nyama. Jino lile lililomshangaza Broom ndilo linalopasua maganda yake. Mti huu hufa ukiungua, na umedumu pale kwa kuwa mawe huuzuia moto usiufikie; baadhi ya mashina yana umri wa mamia ya miaka. Kwa hiyo mawe humpa posamu malazi na pia humlindia ghala lake la chakula cha vuli. Moto mkubwa wa mwaka 2003, na ule wa majira ya 2019 na 2020, ulionyesha kwamba ulinzi huo una mpaka.

Lakini hata uwanja mmoja wa mawe hautumiwi kwa usawa. Majike wazima hushika sehemu za juu, penye majabali ya kina, wadudu wengi na theluji ya kudumu, na jike anaweza kuishi miaka zaidi ya kumi akiwa hapohapo. Madume huja huko wakati wa kuzaliana, majira ya kuchipua, kisha hushuka kwenye miteremko ya chini yenye mawe haba na hali mbaya zaidi, na wengi hawafiki hata nusu ya umri wa majike. Mpangilio huu una faida moja kubwa: jike mwenye watoto wanne mfukoni, na baadaye watoto wale wakishaanza kujitafutia, hawagombanii chakula na madume.

Barabara ilipokatwa Mlima Higginbotham, jirani na Hotham, kwa ajili ya watalii wa theluji, iliukata mpangilio huo katikati. Madume hawakuweza kushuka. Walibaki juu pamoja na majike na vijana, chakula na malazi vikagombaniwa, na majike waliofanikiwa kuuvuka msimu wa baridi wakapungua. Ian Mansergh na David Scotts waliokuwa wakiwachunguza walipendekeza dawa ambayo wahandisi wa barabara huenda waliiona ya kuchekesha: kutengeneza mfereji wa mawe yaliyorundikwa kama yanavyorundikana mlimani, na kuupitisha chini ya barabara kwa mahandaki. Kazi ilifanyika katikati ya miaka ya 1980. Posamu walianza kupita karibu mara moja, madume wakarudia desturi yao ya kushuka, na hali ya majike ikakaribia ile ya eneo lisilovurugwa. Watu wa pale waliliita handaki la mapenzi, na jina likashika. Mimi naona utani huo umefunika funzo lake. Idadi ya mawe haikuwa imepungua sana, na chakula kilikuwepo. Kilichokuwa kimepotea ni uwezekano wa jinsia mbili kuishi mbalimbali.

Hitaji la pili ni theluji, na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani theluji ni adui anayevumiliwa. Theluji ya kina cha mita moja au zaidi ni blanketi. Chini yake, kati ya mawe, halijoto hukaa juu kidogo ya nyuzi 0, hata hewa ya nje ikishuka vipi. Posamu anayeingia humo akiwa amenenepa, wengine wakiwa wamekaribia mara mbili ya uzito wao wa kawaida, huzizima: moyo hupunguza mwendo, pumzi huja kwa nadra, na joto la mwili hushuka hadi nyuzi 2 hivi. Hukaa hivyo kwa vipindi vinavyoweza kufika karibu siku 20, akiamka kwa saa chache baina yake, na kwa posamu wazima msimu wote unaweza kuchukua miezi saba. Fritz Geiser na Linda Broome, waliompima kwa makini, walionyesha kwamba kiasi cha nyuzi 2 ndicho humgharimu mafuta kidogo kuliko vyote. Mahali alipolala pakipata joto zaidi, umetaboli hupanda na mafuta huisha mapema. Pakishuka chini ya nyuzi 0, hulazimika kuwasha tanuri la ndani ili asigande, na mafuta huisha vilevile.

Ndiyo maana mwaka wa theluji haba humtia posamu kwenye baridi zaidi, si kidogo. Blanketi likiondoka, hewa ya usiku hupenya mawe. Na theluji ikiyeyuka wiki kadhaa kabla ya wakati wake, huamka katika mlima ambao haujaamka bado: majani hayajachipua, mbegu za mwaka uliopita zimekwisha, na wadudu hawajafika. Vituo vya skii huongeza tatizo kwa njia yao. Mashine zinazosawazisha njia huikandamiza theluji, na theluji iliyokandamizwa hupoteza hewa ndani yake, na kwa kupoteza hewa hupoteza uwezo wake wa kuzuia baridi. Mnyama aliyelala chini ya njia ya wanaskii na aliyelala mita 50 pembeni hawapati msimu mmoja wa baridi.

Hao wadudu anaowasubiri ndio hitaji la tatu, na ndio wanaoivunja ramani.

Nondo wa Bogong ni nondo wa rangi ya kahawia, wa jenasi ya Agrotis. Mkulima wa Kiafrika anaijua jenasi hiyo kwa viwavi wake: ndio sota, wanaokata miche usiku usawa wa ardhi na kujificha udongoni mchana. Huko Australia, viwavi wa nondo wa Bogong hukua wakati wa baridi katika nyanda pana za kusini mwa Queensland, magharibi mwa New South Wales na kaskazini-magharibi mwa Victoria, wakila mimea ya majani mapana, ya mwituni na ya shambani. Majira ya kuchipua yakifika, hugeuka nondo na kuruka usiku hadi milimani, wengine kilomita 1,000. Huko huingia mapangoni na kwenye nyufa za mawe yenye ubaridi na kukaa kimya kiangazi chote, wamepangana kuta nzima, hadi 17,000 katika mita moja ya mraba. Vuli hurudi nyandani kuzaa na kufa. Ni nondo mmoja anayekwenda na kurudi. Kizazi kinachofuata hakina wa kukiongoza njia.

Wanaifahamuje njia? Eric Warrant na wenzake wameshughulika na swali hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2018 walionyesha kwamba nondo huhisi uga wa sumaku wa dunia. Mwaka 2025 walitangaza jambo la kushangaza zaidi: nondo aliyefungwa mahali pamoja ndani ya chombo cha majaribio, akaonyeshwa picha ya anga la usiku huku uga wa sumaku ukiwa umeondolewa, alipiga mabawa kuelekea upande ufaao kwa msimu wake. Nyota zilipovurugwa ovyo, naye akapotea. Hakuna mdudu mwingine aliyekuwa ameonyeshwa kusafiri safari ndefu ya namna hiyo hadi mahali mahususi kwa kufuata nyota.

Kwa posamu, nondo hawa ni mifuko midogo ya mafuta inayojileta mlangoni. Sehemu kubwa ya mwili wa nondo aliyefika mlimani ni mafuta, naye hutua katika nyufa zilezile ambamo posamu huishi, wakati uleule jike anapoamka akiwa amekonda na kupata mimba. Mimba huchukua wiki mbili hivi, kisha wana wanne huhamia mfukoni, na baada ya mfuko kuna miezi michache tu ya kuwafikisha kwenye unene wa kuukabili msimu wa baridi. Anazaa mara moja kwa mwaka. Hakuna nafasi ya kujaribu tena. Ukilinganisha ramani ya majike na ramani ya mahali nondo hutua kwa wingi, utaelewa kwa nini majike hung'ang'ania sehemu za juu.

Binadamu pia waliijua karamu hii. Watu wa asili wa maeneo hayo walipanda milima kila kiangazi kuwachoma nondo na kuwala, na katika pango la Cloggs, nchi ya Wagunaikurnai, jiwe la kusagia la miaka 2,000 hivi lilikutwa na mabaki ya nondo hao. Waliokulia Bukoba au Masaka hawahitaji kuelezwa maana ya mdudu mnono anayekuja kwa msimu, kama senene.

Kilichotokea mwaka 2017 hadi 2019 kilikuwa kitu kingine. Ukame mkali uliikamata nyanda nzima ya mito ya Murray na Darling. Mimea haikuota, viwavi hawakupata chakula, na milimani watafiti walioingia katika mapango yaliyozoea kujaa nondo kwa mamilioni walikuta wachache wa kuhesabika. Upungufu ulikadiriwa kuwa asilimia 99.5. Katika Victoria majike wa posamu walinaswa wakiwa wamedhoofika, na wana waliokufa mfukoni. Marundo ya mawe yalikuwa salama na yamelindwa na sheria ndani ya hifadhi za taifa. Mipaka yote iliyochorwa ilikuwa imeheshimiwa. Watoto walikufa kwa mvua ambayo haikunyesha mamia ya kilomita kutoka hapo.

Jibu la haraka lilikuwa biskuti. Wataalamu wa bustani za wanyama za Victoria walitengeneza chakula kinachokaribia lishe ya nondo, na baada ya moto wa 2019 na 2020 vituo vya chakula na maji viliwekwa katika baadhi ya maeneo yaliyoungua ya Kosciuszko. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mnyama mwenye njaa hulishwa kwanza, nadharia huja baadaye. Lakini biskuti hufikia marundo yanayofikika, na hakuna serikali itakayowalisha posamu kila majira ya kuchipua hadi mwisho wa dunia. Mvua nyingi za miaka iliyofuata ziliwarudisha nondo kwa sehemu, si kufikia wingi wa zamani. Mwaka 2021 shirika la IUCN lilimwingiza nondo wa Bogong katika orodha ya viumbe walio hatarini. Posamu alikuwa katika ngazi ya juu zaidi ya hatari siku nyingi.

Kuna kampeni ya kuzima taa zisizo za lazima wakati nondo wanapopita, na ina mantiki. Jengo la Bunge la Canberra, lililofunguliwa mwaka 1988 katikati ya njia yao na kuangazwa usiku kucha, liliwavuta kwa wingi, na Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 ilivamiwa nao mbele ya macho ya dunia nzima. Mvuna senene anayewasha taa kali kilimani anaijua nguvu ya mwanga juu ya mdudu arukaye. Hata hivyo nashauri tusiipe taa uzito kuliko ukame. Taa hupunguza wasafiri. Ukame huwazuia kuzaliwa. Taa ni rahisi kuzima, na pengine ndiyo sababu inazungumzwa zaidi.

Uhusiano wa mlima na nyanda una upande mwingine usiopendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ken Green na wenzake walikuta nyasi zimekufa mbele ya mapango ya nondo baada ya mvua kubwa kusomba uchafu wa ndani. Uchunguzi ulipata aseniki, iliyosafirishwa na nondo kidogokidogo katika miili yao kutoka nyandani na kulimbikizwa mlimani. Mnyama anayeishi ndani ya hifadhi, juu kabisa, mbali na shamba lolote, hula kile kilichomo ardhini kwa mkulima asiyewahi kumwona.

Mlima Buller unahitaji maneno machache, kwa kuwa hupindua wazo jingine, kwamba makazi mazuri hutosha. Posamu wa Buller waligunduliwa mwaka 1996, wametengwa na wenzao kwa muda mrefu mno. Katika miaka iliyofuata walipungua vibaya, kwa ujenzi wa vituo vya skii, paka na mbweha, na kwa kuzaana ndugu kwa ndugu. Kuwaua mbweha na kurudishia mawe kulisaidia mazingira, lakini si jeni. Baadaye madume wachache wakaletwa kutoka upande wa Hotham. Andrew Weeks na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 2017, walionyesha kwamba watoto wa mchanganyiko walikuwa wakubwa zaidi, na majike wao waliishi muda mrefu na kuzaa zaidi. Idadi ikapanda kufikia kiwango kisichowahi kurekodiwa pale. Kwa muda mrefu wahifadhi waliogopa kuchanganya koo zilizotengana, kwa hofu ya kuharibu usafi wake. Buller imeonyesha gharama ya hofu hiyo.

Sasa kuna pendekezo kubwa zaidi. Michael Archer, mtaalamu wa visukuku, anasema tumekosea tangu mwanzo kumwita huyu mnyama wa theluji. Visukuku vya jamaa zake wa karibu vimepatikana Riversleigh, Queensland, na Hamilton, Victoria, mahali palipokuwa misitu ya mvua ya nyanda za chini mamilioni ya miaka iliyopita. Ukoo huu, kwa hoja yake, ulipanda mlimani katika kipindi cha karibuni, ukanaswa huko hali ya hewa ilipokauka. Basi tumrudishe chini, mahali penye unyevu, mawe na chakula cha aina nyingi, kabla theluji haijakwisha. Kazi imekwisha kuanza katika kituo cha kuzalishia cha Secret Creek, Lithgow, kilicho chini sana ya mstari wa theluji.

Hoja hii naiheshimu, na nusu yake naikubali. Ni kweli kwamba mahali mnyama alipobakia si lazima pawe mahali panapomfaa kuliko pote. Lakini visukuku vya Riversleigh ni vya spishi nyingine, na katika mamilioni ya miaka yaliyopita tangu hapo, spishi hii imejifunza kuzizima hadi nyuzi 2, kunenepa kwa msimu, na kuyapanga maisha ya jike na dume kwa kimo cha mlima. Mifupa ya Wombeyan yenyewe, iliyopatikana chini ya makazi ya leo, inaweza kusomwa kinyume: kwamba enzi za baridi kali zilipoishusha theluji, posamu alishuka pamoja nayo. Kwangu Lithgow ni bima ya busara. Ikigeuzwa kuwa sababu ya kuuacha mlima, tutakuwa tumefanya kosa lilelile la mstari kwenye ramani, safari hii tukiuchora mahali papya.

Kazi inayobaki iko kwenye nyanda, na huko watu wa hifadhi hawana mamlaka. Viwavi wa Bogong hukua katika ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wakulima na wafugaji: ngano, mipamba, malisho. Kiwavi huyo ni mharibifu wa miche, na mkulima anayempulizia dawa anailinda riziki yake kama angefanya mkulima wa Iringa kwa sota wake. Kinachoweza kufanyika ni kuacha vipande vya ardhi vyenye magugu ya majani mapana wakati wa baridi, kuangalia ni dawa zipi na majira yapi hugongana na nondo wanaoelekea kuruka, na kujua ni nyanda zipi hasa hutoa nondo wanaofika mlima upi. Hili la mwisho ndilo lingetuambia fedha ziwekwe wapi: mwaka ambao Queensland imekauka na Victoria imenyesha, je, Hotham inashiba na Kosciuszko inalala na njaa, au wote hula chungu kimoja?